MDRAGONI UNATOA MAUA, MATUNDA HAKUNA! Si kijicho wala uchawi, sababu imo ndani ya ua

Leo nawaomba siasa tuiweke pembeni kidogo, pamoja na yale mambo yetu ya umeme na maji, tuzungumzie mmea. Najua wapo watakaosema huyu naye kaishiwa na habari, lakini nisikilizeni kwanza. Kuna pesa za watu zinapotea hapa, tena nyingi ni za vijana wenzangu.

Nazungumzia dragoni. Lile tunda jekundu lenye magamba kama ndimi za moto, ukilipasua ndani jeupe au jekundu, limejaa vijimbegu vyeusi kama habasoda. Miaka ya karibuni tunaliona kwenye meza za hoteli na kwenye supamaketi, na miche inauzwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa maneno matamu, eti panda leo mwakani uhesabu noti. Watu wamepanda kweli. Sasa malalamiko ninayoyasikia ni yale yale kila pahala: mmea umenawiri, umetoa maua makubwa ya kutisha, halafu yote yakageuka manjano na kudondoka. Tunda hata la kuonja hakuna. Wa mwanzo anasema ardhi mbaya, wa pili anasema kijicho cha majirani, na muuzaji ukimpigia simu anakwambia ongeza mbolea. Akikupokelea, lakini.

Mie ni wa fomu foo tu, sijifanyi bwana shamba, ila baiolojia ndiyo somo nililokuwa silikimbii skuli. Hili la dragoni nimelifuatilia na jawabu lake lipo, halina siri. Limo ndani ya ua. Ila huwezi kulifahamu ua kabla hujamjua mwenye ua ni nani na katokea wapi, kwa hivyo vumilieni kidogo.

KWANZA NI MMEA GANI HUU?

Tunda nitaliita dragoni kama kila mtu anavyoliita, na mmea wake nitauita mdragoni, kama chungwa na mchungwa. Ndivyo tulivyoyafanyia matunda yote mageni yaliyokuja visiwani kwetu, tunayatia M mbele yanakuwa wenyeji. Kwengine duniani wanaliita pitaya. Kitaalamu mmea huu ulijulikana miaka mingi kwa jina la Hylocereus undatus, na vitabu vingi bado vinaandika hivyo, lakini mwaka 2017 watafiti waliopekua vinasaba vyake waliuhamishia kwenye kundi la Selenicereus. Jina hilo limetokana na Selene, ambaye kwa Wagiriki wa kale alikuwa mungu wa kike wa mwezi. Shikeni hapo hapo kwenye mwezi, tutaparudia.

Mdragoni ni wa ukoo wa kaktasi, ukoo mmoja na mpungate. Ukoo huu mzima asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Kanada mpaka Ajentina. Huku kwetu Afrika upo mmoja tu unaoota wenyewe bila ya kuletwa na mtu, unaitwa Rhipsalis baccifera. Huo hauna miba ya kuogopesha, unaning'inia kwenye matawi ya miti mikubwa kama tambi za kijani na una vitunda vyeupe vidogo vinavyonata. Nenda misitu ya Usambara utaukuta. Kaktasi wengine wote mnaowaona Afrika Mashariki wameletwa na mkono wa binadamu, na mdragoni ni mmojawapo. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wafaransa waliupeleka Vietnam katika karne ya 19, na Vietnam ndiyo iliyokuja kulifanya tunda hili kuwa biashara kubwa ya dunia. Hata hilo joka limetoka huko huko, maana Wavietnam wanaliita thanh long, yaani joka la kijani. Ukiutazama mmea wenyewe unavyojipinda juu ya ukuta utawaelewa.

Jambo moja la hatari kabla sijasahau. Ipo mimea ya kwetu inayofanana na kaktasi lakini si kaktasi kabisa, ni ya ukoo wa mnyaa. Wale wana utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ni sumu, ukiingia machoni unaweza kukupotezea uoni. Kaktasi wa kweli kama mdragoni ukimkata hutoa majimaji ya kuteleza yasiyo meupe. Alama nyengine: kaktasi miba yake hutoka kwenye vidoa vidogo kama vijimto vya manyoya, vimepangwa kwenye ukingo wa shina. Kwa mdragoni kila kijimto kina miba miwili mitatu mifupi ya milimita chache tu. Kwa hivyo mtu akikuuzia "mche wa dragoni" unaochuruzika maziwa, mrudishie na ukanawe mikono.

KAKTASI WA MSITUNI, SI WA JANGWANI

Hapa ndipo wengi wanapopotea mwanzo kabisa. Ukisikia kaktasi unafikiria jangwa, jua kali, mchanga, punda hoi. Basi mtu anapanda mdragoni kwenye uwanja mtupu, hamwagilii, anasema huu ni wa jangwani hautaki maji. Mdragoni si wa jangwani. Kwao unaishi msituni, unapanda juu ya miti na majabali kutafuta mwanga. Shina lake ni la pembe tatu, halina majani, lenyewe ndilo linalofanya kazi ya majani, ndiyo maana la kijani. Kwenye ule upande unaogusa mti au ukuta linatoa mizizi ya hewani, inanata na kunyonya unyevu. Mzizi wa ardhini hauendi chini sana. Ukiukata ule wa chini wakati mmea umeshajishika vizuri juu, unaweza kuendelea kuishi kwa mizizi ya hewani peke yake kwa muda.

Kwa hivyo wenzetu wa Makunduchi, Jambiani na Paje, kule kwenye ardhi ya maweni ambako jembe linalia, msikate tamaa. Mmea wenye mizizi mifupi unaojua kupanda jiwe ndio wa kwenu, mradi upate samadi kidogo na majani makavu ya kufunika shina lake. Tatizo la maweni ni jua. Shina la mdragoni likipigwa na jua la mchana kutwa bila kizuizi linageuka manjano, halafu jeupe, mwisho linaoza. Israeli, ambako wanaulima jangwani, wanaweka nyavu za kivuli juu yake. Sisi tuna minazi, kivuli chake cha kupitapita kinatosha.

Na kule Dole, Kizimbani, Kindichi kwenye udongo wa kina, adui ni masika. Maji yakituama, shina linaoza kutokea chini, linakuwa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Panda juu ya tuta. Mche mpya uliokatwa usiutie ardhini siku hiyo hiyo, uache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke. Na upande uliokuwa chini ubaki chini, usiugeuze!

Nguzo nayo iwe imara kwelikweli. Watu wanaweka kijiti cha mkandaa, mwaka wa pili mmea umekuwa na matawi mengi mazito, kijiti kinavunjika na kila kitu kinalala. Tena matawi yanayozaa vizuri ni yale yaliyopanda mpaka juu kisha yakaanza kuinama. Ndiyo maana wakulima wanaweka nguzo ya zege ya urefu wa mtu na tairi bovu la gari juu yake, matawi yanapita katikati ya tairi na kumwagika chini kama nywele. Matairi mabovu hatuyakosi.

UNAVUTA PUMZI USIKU

Hii sehemu mie ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, inavuta hewa ya kaboni, na kwa nguvu ya jua inatengeneza chakula. Shida ni kwamba vitundu vikiwa wazi juani maji yanatoka. Mdragoni umegeuza ratiba. Mchana vitundu vyote unafunga. Usiku, baridi imeingia, unafungua, unavuta hewa na kuihifadhi ndani ya shina kama asidi. Kukicha unafunga tena, na ile asidi unaitoa kidogo kidogo kutengenezea chakula wakati jua lipo. Ni sawa na mtu anayekwenda sokoni usiku kununua vitu halafu anapika mchana mlango kafunga.

Si mdragoni peke yake. Nanasi linafanya hivyo, mkonge unafanya hivyo, shubiri pia, hata vanila. Mwaka 1815 mtaalamu mmoja aitwaye Benjamin Heyne, aliyekuwa India, aliandika kwamba majani ya mmea fulani wa aina hii alipoyatafuna asubuhi yalikuwa makali kwa uchachu, mchana hayakuwa na ladha, na jioni yakawa na uchungu kidogo. Kwa ulimi tu bwana! Maabara zilikuja kueleza sababu baadaye sana.

Basi huu ni mmea wa usiku. Unavuta pumzi usiku, na ua lake nalo ni la usiku. Ndiyo ule mwezi niliowaambia.

SASA TUJE KWENYE UA

Kwa watu wa kusini ya ikweta kama sisi, maua ya mdragoni yanakuja zaidi miezi ya mwisho wa mwaka mpaka mwanzo wa mwaka unaofuata, kwa sababu mmea unahesabu urefu wa mchana. Mtu atasema, sisi hapa mchana na usiku si sawa tu? Si sawa kabisa kabisa. Unguja ipo kama nyuzi 6 kusini, na mchana wa Disemba unauzidi wa Juni kwa dakika kama 40 hivi. Wewe huzioni, mmea unaziona. Vietnam wakulima wanauhadaa: miezi ya mchana mfupi wanawasha taa mashambani usiku, mmea unadhani siku zimerefuka, unatoa maua.

Kitumba kinatoka kwenye kile kijimto cha miba, na baada ya wiki mbili tatu hivi ua linakuwa tayari. Ni ua kubwa sana, urefu wake hufika sentimita 30, sawa na rula ya skuli. Linaanza kufunguka jua likizama, mpaka saa nne au saa tano za usiku limekunjuka lote, jeupe, linanukia. Asubuhi jua likishapanda, basi, linanyauka. Usiku mmoja tu! Halifunguki tena. Mwenye shamba aliyelala usiku huo anaamka anakuta kitambaa kimelowa.

Kwa nini jeupe, kwa nini usiku, kwa nini harufu? Kwa sababu kwao Meksiko wageni wake ni popo na nondo wakubwa. Weupe unaonekana gizani, harufu inawaita, na ukubwa ni wa kumwezesha popo kuingiza kichwa. Popo anakunywa asali, uso unajaa chavua ile ya manjano, anakwenda nayo kwenye ua la mmea mwengine. Huku kwetu tunalo jambo kama hilo kwenye mbuyu, nao unachanua usiku maua meupe na popo ndio wanaoubebea chavua. Lakini popo wetu wakubwa wa matunda ni wa ukoo tofauti na wale wadogo wa Meksiko wenye ulimi mrefu, na kuwategemea waje kwenye mdragoni wako usiku ule ule mmoja ni kubahatisha. Nyuki wanakuja alfajiri, wanasaidia, lakini muda wao ni mfupi na wanachofuata wao ni kuchukua chavua wakale, si kuipeleka pale unapotaka wewe.

Tazama ndani ya ua. Katikati kuna mkono mmoja mnene, juu umechanua vidole vingi kama nyota. Hicho ndicho kipokeo cha jike. Pembeni yake kuna nyuzi mamia kwa mamia zenye unga wa manjano, hao ndio madume. Vile vidole kwa kawaida vimechomoza mbele ya zile nyuzi, havigusani. Kwa hivyo hata ule mdragoni unaokubali chavua yake wenyewe bado unahitaji mtu wa kuichukua chini na kuifikisha juu. Hilo ni tatizo la kwanza, na kwa wenye dragoni la ndani jeupe mara nyingi ndilo peke yake.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo linalowaliza wenye dragoni la ndani jekundu. Mingi ya hii ya nyama nyekundu haikubali chavua yake yenyewe hata uipake kwa mkono. Chavua ikitua, ua linaitambua kuwa ni damu yake na linaikatalia nikaha. Haioti, haifiki kwenye mayai, na baada ya siku kama tano ua linageuka manjano kwenye shingo na kuanguka. Limetaka mgeni, mgeni hakuja.

Hapo sasa fikirieni mambo ya miche. Miche ya dragoni haitokani na mbegu, maana kwa mbegu utangoja miaka kadhaa, wakati kipande cha shina kinaweza kuzaa baada ya mwaka mmoja au miwili. Kipande ni mwili ule ule wa mama. Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Kikwajuni, namficha jina, alichukua pesa zake za kuchuma karafuu Pemba msimu mzima akanunua vipande arobaini vya dragoni jekundu kwa mtu mmoja wa mtandaoni. Kavipanda shamba kwa bibi yake. Vimestawi, vimechanua, vimedondosha. Alikuwa anajua ana mimea arobaini. Vyote vilikatwa kwenye shina moja! Kwa macho yetu ni arobaini, kwa hesabu ya ua ni mmoja, na kupeleka chavua kutoka nguzo ya kwanza hadi ya arobaini ni sawa na kuipaka pale pale ilipotoka. Mbolea ingefanya nini hapo? Angeongeza maua ya kudondoka tu.

KUOZESHA KWA MKONO

Wazanzibari jambo hili si geni kwetu, tunalijua kwenye vanila. Vanila nayo ilitoka Meksiko, ikahamishwa bila ya nyuki wake, ikawa inatoa maua bila maganda. Aliyeonesha njia ya mkono iliyokuja kutumika duniani ni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, mwaka 1841. Kijiti na dole gumba, basi. Nani kati yetu hajaona kwenye mashamba ya viungo kule Kizimbani au Kindichi vanila ikiozeshwa ua moja moja asubuhi? Dragoni ni kazi hiyo hiyo, tofauti yake unaifanya usiku, na ua ni kubwa huhitaji miwani.

Unachohitaji ni brashi laini (ya rangi au ya wanja, usimwambie dada yako), kikombe kikavu na tochi. Kuanzia saa tatu za usiku ua likishafunguka, gonga zile nyuzi juu ya kikombe, chavua inamwagika kama unga wa manjano. Chukua kwa brashi upake vile vidole vya katikati, vyote, mpaka viwe vya manjano. Usibanie. Kila kijimbegu cheusi ndani ya dragoni ni yai moja lililopata chavua yake, na tunda linanenepa kufuatana na wingi wa mbegu. Ukipaka kidole kimoja unapata tunda la kuchekesha. Ikiwa mvua inanyesha funika ua kwa mfuko, chavua ikirowa imeharibika. Umechelewa kulala? Alfajiri baada ya sala bado unawahi, kabla jua halijawa kali.

Kwa dragoni jekundu chavua lazima itoke kwa mmea wa ukoo mwengine. Dragoni jeupe linafaa sana kulitia jekundu, na jekundu kulitia jeupe. Kwa hivyo shamba la jekundu lipandwe na nguzo chache za jeupe ndani yake, au aina mbili tatu za jekundu ambazo una hakika hazikutoka mama mmoja. Ikiwa hazichanui usiku mmoja, chavua kavu unaweza kuiweka kwenye kopo lililofungwa vizuri ndani ya friji siku chache. Yule kijana wetu ndivyo alivyofanya, akaomba chavua kwa mtu mwenye mdragoni mweupe ukutani kwake mjini, akaipeleka shamba kwa daladala ndani ya kopo la dawa. Maua aliyoyapaka mengi yakashika. Yaliyokuwa juu sana hakuyafikia, yakaanguka kama kawaida.

Jambo hili linabadilisha na masuali ya kumuuliza muuzaji. Usiulize tu kipande bei gani. Muulize nyama yake rangi gani, mama yake yupo wapi, anazaa peke yake au anataka mwenza, na je una aina nyengine? Akishindwa kujibu hayo anakuuzia pambo la ukuta. Pambo zuri, sikatai, lakini kwa bei hiyo si bora ununue asumini?

TUNDA LENYEWE

Likishika, ua linakauka likiwa bado limeng'ang'ania juu ya kidude cha kijani, na kidude hicho kinakuwa. Baada ya siku kama 30 kinaanza kuwa chekundu, na siku chache baadaye ni kuchuma. Yale magamba ya nje kwa asili ni vijani. Kwa kaktasi mfuko wa mbegu umezama ndani ya kipande cha shina, kwa hivyo ganda la dragoni ni shina lililovimba na kupakwa rangi. Ndiyo maana lina magamba na halifanani na ganda la tunda jengine lolote hapa kwetu.

Wateja wa Darajani sikilizeni: dragoni halivundikwi. Embe, ndizi, papai, ukichuma bichi litaivia ndani. Dragoni ni kama chungwa na nanasi, utamu lililokuja nao ndio huo huo. Likichumwa bichi litakaa, litasinyaa, sukari haiongezeki. Na mengi yanachumwa mapema ili yastahamili safari. Mtu analinunua ghali, analionja, anasema hili tango hili! Ana haki. Kwa ulimi wangu jeupe hata likiiva mtini halilifikii shokishoki, sembuse fenesi. Jekundu lina utamu zaidi. Lakini lililoivia mtini na lililovuka bahari ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo mkulima wa Unguja anapoweza kuwashinda wa nje kwenye hoteli zetu wenyewe.

Kuhusu wale wanaoliuza kama dawa ya sukari, presha, kansa na nguvu za kiume kwa pamoja, jamani tuwaogope. Ni tunda lenye maji mengi, nyuzinyuzi na vitamini, kama matunda mengine, mwenye sukari asiache vidonge vyake. Na ukila jekundu kwa wingi usishtuke chooni. Rangi yake ni ya jamii moja na ile ya bitiruti, inaweza kupita mwilini ikatoka vile vile, mkojo ukawa mwekundu. Likishapita na rangi imekwisha. Ikiendelea na hujala dragoni, hapo nenda hospitali.

USIVITUPE VIPANDE OVYO

La mwisho. Kila kipande cha mdragoni kikiangukia pahala penye unyevu kinaota, na mbegu zake ndege na popo wanazibeba. Sisi visiwani tunajua mgeni asiyedhibitiwa anafanya nini, kunguru wa Bara Hindi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 mpaka leo wanatunyang'anya vitumbua mikononi. Kenya, kule Laikipia, mpungate ulioletwa kama ua wa nyumba umevamia malisho ya wafugaji, tembo wanakula matunda na kusambaza mbegu, mifugo inaumia kwa miba, na wamelazimika kuleta wadudu maalumu wa kuula. Mdragoni haujafanya hayo hapa, miba yake midogo na hauna fujo ya mpungate, lakini mwenye shamba karibu na Jozani asitupe matawi aliyoyapogoa msituni. Yarundike juani yakauke kabisa, au uyafukie kwenye shimo la mbolea yakishaoza.

Kuna aina moja sijaigusa, ile ya ganda la manjano, Selenicereus megalanthus, ambayo wanaisifu kwa utamu kuliko zote na inakubali chavua yake wenyewe, ila tunda lina miba ya kusugua kabla hujalishika. Mdau yeyote mwenye mche wake hapa Unguja au Pemba aseme hapo chini kwenye maoni, na aeleze unachanua mwezi gani. Na wale mliopanda nyeupe mjini, kwenye kuta na kwenye roshani za maghorofa, andikeni mtaa mliopo. Kuna watu shamba wanatafuta chavua.